Editha Faustini na Mdogo Wake Aliyezikwa Kitabuni

Baba Paroko, wazee wetu wa Farkwa na wa Chamwino, majirani wa Nzuguni mliokesha nasi siku tatu, walimu wenzake, wanafunzi wa chuo kikuu mliotoka Chimwaga, na ninyi nyote mliofika leo Ijumaa tarehe 7 Machi 2025 kumsindikiza mama yetu, familia inawashukuru na kuwaomba mketi vizuri, walio juani wasogee chini ya turubai, maana safari ya huyu mama ilikuwa ndefu na kwa sehemu kubwa ilipita usingizini.

Kazi ya kusoma amepewa mdogo wa marehemu, Antonia Faustini, muuguzi mstaafu, ndiye huyu mnayemwona na miwani iliyofungwa uzi. Ndani ya karatasi hii Antonia atatajwa kwa jina kama anavyotajwa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndiyo desturi, na pia kwa sababu yapo mambo ambayo akisema “mimi” hatafika mwisho. Jambo moja mmekuwa mkilinong'ona tangu Jumanne, basi na lisemwe mapema: Antonia hakumsemesha dada yake kwa miaka thelathini na minne, hakujibu barua zake, hata miezi kumi na saba aliyomuuguza hakumwambia neno uso kwa uso. Kama alipata kumjibu kabla hajaondoka, mtasikia mahali pake.

Editha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1944 katika kijiji cha Farkwa, ambacho siku hizo kilihesabiwa Kondoa na leo kiko wilaya ya Chemba, mtoto wa kwanza wa Mzee Faustini, katekista na mrina asali, na Mama Penina. Tarehe hiyo imetoka kwenye kitabu cha ubatizo, Mama yeye alisema tu kwamba Editha alizaliwa kiangazi kile nyuki walipohamia ndani ya kanisa na padre akasomea misa nje, na marehemu maisha yake yote aliyaamini maelezo ya Mama kuliko kitabu cha padre. Katika watoto saba waliozaliwa nyumba ile walivuka wawili, Editha, na Antonia aliyefuata tarehe 2 Februari 1948, na ndiyo maana walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, na mmoja akiumwa tumbo Mama aliwanywesha dawa wote wawili.

Tangu utoto Editha alikuwa mtu wa usingizi, na si kwamba alikuwa mvivu, la, ila saa nane ya mchana joto lilipokolea, kuku wakajichimbia kwenye vumbi na watu wakaonekana kwa mbali kana kwamba wanatembea juu ya maji, macho yake yalibaki wazi na mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Kazi yake ilikuwa kuamia ndege, akakaa juu ya dungu katikati ya mtama na kombeo mkononi, na kila mwaka kweleakwelea walishuka akiwa amelala wakala walivyopenda. Baba akija na fimbo alimkuta ameamka na hadithi nzima, yenye watu, majina yao na rangi za ng'ombe wao, ambayo alidai kasimuliwa na wapita njia waliosimama chini ya dungu kuomba maji, naye Baba aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuvuna kilichobaki. Aliyechapwa ni Antonia, kwa kosa la kutomwamsha, jambo ambalo limeingizwa hapa kwa ombi la msomaji.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Farkwa mwaka 1952, na Kiswahili alikikuta darasani akiwa na miaka minane, maana nyumbani tulisema Kisandawe, chenye zile sauti za kugonga ulimi ambazo mwalimu wetu wa kwanza, mtu wa Tabora, alidhani watoto wanamdhihaki. Mwaka 1956 hadi 1959 alisoma shule ya kati ya wasichana ya misheni huko Kondoa, na mwaka 1960 akaingia chuo cha ualimu cha masista, alikotunukiwa cheti mwezi Desemba 1961, mwezi uleule nchi ilipopata uhuru, hivyo akarudi Farkwa na sanduku la bati, kanda mbili za nywele na cheti, watu wakampokea kwa vigelegele wakichanganya sherehe mbili kuwa moja. Aliandika baadaye, katika insha moja ambayo wanafunzi wa Chimwaga wanaijua kwa moyo, kwamba ndoto zake zote zilimjia kwa Kisandawe na kazi yake ilikuwa kuzihamishia kwenye Kiswahili kabla hazijapoa.

Alifundisha Kwa Mtoro kuanzia Januari 1962, akahamishiwa Chamwino mwezi Julai 1966, na huko akakaa mpaka alipostaafu tarehe 14 Agosti 1999, akifundisha watoto asubuhi na watu wazima jioni, akiwa amewafundisha kusoma mama, binti yake na mjukuu wa nyumba moja. Chamwino ndiko alikokutana na Noeli Chidosa, bwana shamba, Mgogo mpole mwenye maneno machache, ambaye alimwona amesinzia kwenye benchi la ofisi ya kijiji na kitabu kifuani, akaketi ubao ule ule kwa saa nzima akimfukuzia nzi, na alipozinduka akamuuliza habari za huko alikotoka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Novemba 1969, yeye Mkatoliki na Noeli Mwanglikana, wazee wa pande zote mbili wakanuna mpaka mbuzi alipochinjwa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nathan aliyezaliwa tarehe 6 Mei 1971, na Witness aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1976. Noeli ndiye aliyempa marehemu meza ya kuandikia, aliyoitengeneza mwenyewe kwa mninga, tena akaipangia saa: nane mchana mpaka kumi, hakuna mtu kubisha hodi, hakuna kutwanga, hata majogoo aliwahamishia kwa jirani.

Sasa ni lazima ielezwe namna marehemu alivyofanya kazi, maana bila hilo yanayofuata hayataeleweka. Rasimu zake zote aliziandika kwa majina ya watu halisi, mwalimu mkuu kwa jina lake, mama muuza togwa kwa jina lake, Noeli kwa jina lake, akisema kwamba mtu wa kubuni ukimwita haji, bali mwenye jina huja akakaa na kusema yake. Akimaliza kitabu ndipo alikaa tena mwezi mzima kunakili upya, akiwavua watu majina yao mmoja mmoja na kuwavika mengine, na kazi hiyo aliifanya kwa adabu kubwa, akifika kwa kila mtu aliyemtumia kitabuni na kumpelekea sukari, bila kumwambia ni ya nini.

Kwa namna hiyo alitoa riwaya tatu, Saa Nane ya Mchana mwaka 1974, Dungu Refu mwaka 1981, na Walipohama Nyuki mwaka 1989, zote zikichapwa na Bwana Alnashir, mwenye duka la vifaa vya shule na mtambo mdogo wa chapa hapa Dodoma mjini, ambaye yuko pale mbele na fimbo yake na familia inamtambua. Zaidi ya hizo aliandika insha gazetini kila baada ya majuma mawili, kuanzia mwaka 1978 hadi 1994, kuhusu chumvi, kuhusu nywele za kina mama wanaongoja maji, kuhusu jinsi ya kufunga mlango bila kumwudhi aliyetoka, mambo madogo madogo ambayo msomaji akiyamaliza alijikuta anatazama nyumba yake mwenyewe kana kwamba ni mgeni aliyekaribishwa jana.

Kitabu cha tatu kinamhusu muuguzi mmoja anayeitwa Rahel, mkali, mwepesi wa kununa, asiyependa kuguswa nywele, na hakuna mtu aliyemfahamu Antonia ambaye hakujua Rahel ni nani. Hilo Antonia hakulichukia, kwa kweli alifurahi kidogo, alinunua nakala mbili. Lakini katika sura ya tisa Rahel anafariki, na hapo jina halikubadilishwa, kurasa nne nzima zimeandikwa Antonia Faustini, pamoja na siku aliyozaliwa, kijiji, na kazi yake ya uuguzi huko Mpwapwa, kisha sura ya kumi Rahel anarudi kuwa Rahel. Bwana Alnashir, ambaye ni mtu wa haki, alimweleza Antonia mwaka mmoja baada ya haya mtakayoyasikia kwamba halikuwa kosa la chapa, kwamba alimuuliza marehemu kuhusu jina lile kabla ya kupiga chapa, naye akajibiwa aliache lilivyo.

Jumapili tarehe 10 Februari 1991 kipindi cha kusoma vitabu redioni kilifikia sura hiyo ya tisa, ambayo huanza moja kwa moja na historia ya marehemu wa kitabuni, kwa mwendo huu huu mnaousikia sasa. Pale Farkwa redio iliyokuwa inasikika vizuri ni ya ndugu yetu Zablon, mtoto wa baba mdogo, naye betri zake alizianika juani na kuzitunza, hakuwasha ila saa ya taarifa ya habari na ya matangazo ya vifo, na siku hiyo kwa bahati mbaya aliwasha mapema. Alisikia jina, akasikia tarehe, akasikia kijiji chake mwenyewe kikitajwa, akasikia kwamba aliugua kwa muda mfupi, na kabla msomaji hajafika mbali betri zikafa. Zablon hakusema uongo, marehemu Zablon alikuwa mtu mkweli, alikwenda kwa Mama Penina akampa habari kama alivyoisikia, na Mama, ambaye Kiswahili alikisikia kwa shida na hakuwahi kuona ndani ya kitabu, alinyoa nywele zake kabla jua halijazama.

Mjumbe mmoja alitumwa Mpwapwa na mwingine Chamwino. Wa Mpwapwa alikuta Antonia ameshaanza likizo na kuondoka, akaelezwa kwamba hayupo, na kwa majonzi aliyokuwa nayo neno hilo akalielewa kwamba ameshafariki. Wa Chamwino alimkuta Editha jikoni, na Editha, ambaye juma lile redio yao ilikuwa kwa fundi, hakuuliza habari imepatikanaje, alifunga kanga akaondoka, akafika Farkwa Jumatano, akaketi mkekani karibu na Mama akalia kama sisi sote tungelia. Siku ya Alhamisi waombolezaji wapya walifika, wakataka kujua tangazo lilisemaje, basi Zablon akasimama na kulirudia kwa maneno yaleyale, maana alikuwa na kichwa kizuri, na Editha akazisikia sentensi zake mwenyewe zikitoka katika kinywa cha mtu mwingine. Walioketi naye walisema baadaye kwamba aliacha kulia, akamtazama Zablon kwa muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga, akajifunika kanga. Hakusema kitu siku ile, wala usiku wake, wala asubuhi iliyofuata.

Antonia alifika Ijumaa tarehe 15, saa nane mchana, lori lilimshusha njia panda naye akaja kwa miguu na kilo mbili za sukari na kitenge cha Mama, na kabla hajafika uani akasikia nyimbo za msiba. Alijua mara moja kwamba Mama amefariki. Akaangusha mzigo akaingia analia, watu wakimpisha kimya kimya, wengine wakikimbilia mtamani, na ndani akamkuta Mama ameketi mkekani na kichwa cheupe, hai, anamlilia yeye. Wakatazamana hivyo, kila mmoja na machozi ya mwenzake, na joto la mchana lilikuwa kali kiasi kwamba Antonia mwenyewe kwa dakika kadhaa hakuwa na hakika ni nani kati yao amekufa. Mama ndiye aliyesema kwanza, kwa Kisandawe, kwa upole sana, “Umerudi kuchukua nini, mwanangu?”

Mama Penina hakurudi sawasawa tena. Alikubali kwamba Antonia anakula, anatembea, ana kivuli, hata hivyo kila alipomwona akijiandaa kutoka alimwita kando na kumtuma salamu kwa wale watoto watano waliotangulia, akimtajia majina yao asije akamsahau mmoja, na Antonia akaahidi kuzifikisha. Mama alifariki tarehe 27 Juni mwaka uleule, kwa shinikizo la damu. Antonia ni muuguzi, anajua shinikizo lile lilikuwepo tangu mwaka 1986, ameliandika hapa kwa sababu ndiyo kweli, ingawa kwa miaka mingi hakupenda kulikumbuka.

Ile Ijumaa, mbele ya mkeka, Editha alisema alilotakiwa kusema jana yake, kwamba ni kitabu, kwamba ni chake. Antonia hakumkemea kwa ajili ya kitabu. Alimuuliza alitambua lini, na alipojibiwa akasema, “Ulijua tangu jana ukanyamaza, na Mama unamwona analia. Basi tunyamaze wote.” Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho kumwambia dada yake, na mnaomjua Antonia mnajua kwamba akisema jambo hulitekeleza, iwe ni zuri au ni la kipumbavu.

Baada ya hapo marehemu hakuandika riwaya tena. Alimwomba Bwana Alnashir asirudie kuchapa kile kitabu, akabaki na insha zake, na kila tarehe 10 Februari alimwandikia mdogo wake barua, ambayo Antonia aliirudisha posta bila kuifungua. Noeli alijaribu kuwapatanisha mpaka alipofariki tarehe 9 Juni 2008, na hata kwenye maziko yake dada hao walisimama upande mmoja wa kaburi, bega kwa bega, kila mmoja akishika mkono wa Witness. Mwaka 2010 marehemu alihamia hapa Nzuguni kwa Witness, wakati huo palipokuwa pori na viwanja vichache vyenye mawe ya mipaka, akaja na meza yake, na majirani mliojenga baadaye mlimkuta amekaa barazani saa nane mchana na mkafundishwa na watoto wenu kutopita pale kwa kelele. Vijana wa Chimwaga walimgundua tena kama mwaka 2015, wakamwalika kuzungumza, akawaeleza kwa saa moja jinsi ya kusinzia bila kuangusha kalamu, nao wakaandika kila neno.

Tarehe 11 Septemba 2023 alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala. Nathan alimpigia simu mama yake mdogo kumjulisha tu, hakuomba kitu, na siku ya tisa Antonia akashuka stendi na begi la nguo na mashine yake ya kupimia presha, akamwambia Witness mlangoni kwamba amekuja kwa mgonjwa, hakuja kwa dada. Tangu siku hiyo alimwogesha, alimgeuza, alimnyoosha vidole kimoja kimoja asubuhi na jioni, na hakumsemesha. Akiwepo mtu mwingine alisema, “Witness, mwambie mama yako uji unapoa,” na mama mwenyewe yuko pale, mkono mmoja tu kutoka kwenye kikombe. Wakiwa wawili aliiambia sufuria, na Editha, ambaye kiharusi hakikumwondolea utani, naye aliijibu sufuria, akiiomba imwongezee sukari, akiiuliza kama usiku ililala vizuri. Watu waliopita dirishani walidhani wazee hawa wamechanganyikiwa. Kusema kweli hakuna kipindi ambacho Antonia alikuwa na furaha zaidi ya miezi ile, na alikuwa anaona aibu kuwa na furaha.

Mwezi Januari 2024 marehemu alianza tena insha, na kwa kuwa mkono wake haukuweza, Antonia ndiye aliyeandika. Saa nane mchana alifungua daftari mezani, akashika kalamu, na maneno yakaanza kuja polepole, mengine kutoka usingizini moja kwa moja, dada amefumba macho na midomo inacheza. Antonia aliyaandika kwa mwandiko wake wa wodini, na neno lilipompita aligonga meza kwa kalamu mara moja, dada akalirudia. Bati lilitoa mlio wa joto, pazia likijaa upepo na kutulia, na zilikuwepo siku ambazo Antonia hakujua kama anachokiandika kakisikia au kakiota yeye. Walijaza madaftari sita hivyo.

Jumatatu iliyopita, tarehe 3 Machi, wingu lilikuwa limetanda na marehemu alikuwa amechangamka kuliko kawaida. Insha ya siku ile hakuipa kichwa. Alifumbua macho kabisa, akasema, “Andika, Antonia. Mwaka themanini na saba niliota umekufa, mara tatu. Nikaona nikikuandika umekufa, kwa jina lako na tarehe yako, ile ndoto itakuwa imepata ilichokitaka, haitarudi. Ndiyo maana jina niliacha. Halafu Zablon akayasema maneno yale mbele ya Mama. Sikunyamaza kwa sababu nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sijui tena, kama wamesoma kitabu au kama ndoto imekushinda. Niliogopa nikisema ni kitabu, halafu usifike.” Kisha akamwambia aweke nukta.

Antonia aliweka nukta. Aliandika kila neno bila kugonga meza hata mara moja, na mkono ulipofika mwisho wa mstari alikuwa na jibu, lilikuwa pale mdomoni, ila mdomo uliofungwa kwa miaka thelathini na minne haufunguki kama dirisha. Akakohoa, na mvua ikashuka juu ya bati kwa kishindo hata mtu hasikii sauti yake mwenyewe, akatoka kuanua nguo. Aliporudi Editha alikuwa amelala, uso umetulia, mkono mzima juu ya daftari. Antonia akaona asimwamshe. Alijisemea kwamba atamjibu kesho, wakati wa uji, kukiwa kimya, na alikwenda kulala akiyapanga maneno yake kama mtu anayekwenda mbele ya hakimu.

Siku ya Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa moja asubuhi, aliingia na uji na alikuwa ameshafungua mdomo. Dada yake alikuwa ametangulia, kwa makadirio ya muuguzi saa kumi na mbili na nusu, wakati maji ya uji yakichemka. Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, riwaya tatu, insha nyingi ambazo bado zinahesabiwa, na mdogo mmoja aliye hai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa na wa zahanati ya hapa Nzuguni, waliokuja mpaka nyumbani mguu ulipokataa gari, na kuvumilia kukosolewa na muuguzi mstaafu namna ya kufunga bandeji. Tunawashukuru majirani na jumuiya yetu ndogo ndogo kwa maji, kuni na turubai, walimu wa Chamwino kwa kuchimba kaburi lake karibu na la Noeli, ambako tutaelekea mara baada ya misa, na vijana wa Chimwaga ambao usiku wa jana walisoma insha zake kwa zamu hadi wazee wakasahau kwamba ni msibani. Tunamshukuru Bwana Alnashir, na mkewe Mama Dolat aliyeleta chai ya maziwa kila asubuhi katika chupa zake mwenyewe na kukataa kukaa kwenye kiti. Tunawashukuru ndugu wa Farkwa, ambao safari hii hawakuamini simu, walimtuma mtu kwanza aje ahakikishe.

Karatasi inaishia hapo, na neno la kuagana familia imemwachia msomaji.

Dada Editha, yale ya Jumatatu niliyasikia yote, na nimeyaamini. Nisamehe nilivyochelewa. Mungu akupokee, ulale kwa utulivu.

Shikamoo, dada.